Majibu ya Loai kwa Lajna

LOAI: Haloo. Hii ni simu ya Bwana Bakhit bin Hatem, wa Sib. Anayezungumza ni mwanawe, Loai. Nani mwenzangu?

MAZOON: Dada yako, nani tena? Jina langu si limetokea hapo kwenye simu?

LOAI: Limetokea. Baba anasema lazima niulize.

MAZOON: Haya. Sabalkheri.

LOAI: Sabalkheri, dada Mazoon. Hujambo? Watoto hawajambo? Kazini kwema?

MAZOON: Kwema. Meli ya watalii imeingia bandarini, watu wamejaa tele. Nimejificha ndani ya gari nizungumze na wewe. Baba hajambo?

LOAI: Hajambo, alhamdulillah. Sote hatujambo.

MAZOON: Yupo hapo?

LOAI: Amelala.

MAZOON: Mpaka saa mbili na nusu? Basi heri, muache. Sitaki atusikie. Mbona kunavuma hivyo? Mtandao wenu huo—

LOAI: Si mtandao, ni—

MAZOON: Hebu nisikilize, nna dakika kumi tu. Leo saa tano unakwenda mbele ya lajna. Unajua lajna ni nini?

LOAI: Madaktari watatu na meza moja.

MAZOON: Hao hao. Wakiona kweli una usonji na unahitaji msaada, watakupa kadi na posho, na sisi tutamuajiri mtu wa kukaa na wewe. Wakiona unajiweza, basi tena. Na Baba ana miaka sabini na tisa. Pumzi zake unazijua.

LOAI: Nazijua. Zina filimbi.

MAZOON: Ndiyo. Sasa watakuuliza maswali—

LOAI: Majibu nnayo. Baba kanisomesha wiki nzima, kila siku baada ya isha. Naingia, nasalimu, namtazama mtu kwenye paji la uso. Nasema, "Alhamdulillah, sina tatizo lolote." Jana kanipa tisini na tano kwa mia.

MAZOON: Ya Rabbi! Ndilo nililoliogopa hilo. Loai, ukiwajibu hivyo umejimaliza mwenyewe.

LOAI: Tano nimekosa kwa sababu ya mikono. Niliipigapiga.

MAZOON: Ipigepige! Leo ipigepige unavyotaka. Baba anaona haya watu wakijua, anadhani ule ni mtihani kama ile mitihani yake ya shule ya usiku. Mimi nataka useme kweli. Kweli tupu, ya nyumbani. Utaweza?

LOAI: Baba atakasirika.

MAZOON: Dhambi zake juu yangu. Haya, mimi ndiye daktari. "Bwana Loai, una miaka mingapi?"

LOAI: Thelathini na nne na miezi miwili.

MAZOON: "Asubuhi nani anakuamsha?"

LOAI: Baba. Adhana ya alfajiri ikianza anagonga mara tatu. Leo nimeamka mwenyewe.

MAZOON: La, la, la! Hiyo ya leo usiitaje. Watasema anajiamsha huyu. Sema Baba ndiye anayekuamsha.

LOAI: Leo hakugonga.

MAZOON: Hiyo ni siku moja tu. "Nguo nani anakutolea?"

LOAI: Baba. Kanzu kaitundika jana. Nimeivaa tangu alfajiri. Nimekaa kwenye kiti cha mlangoni.

MAZOON: Tangu alfajiri? Umekaa hapo saa tatu nzima?

LOAI: Baba alisema nikishavaa nikae hapo nimngojee.

MAZOON: [anacheka kidogo] Hilo waambie. Hilo ni zuri. "Na chakula nani anakupikia?"

LOAI: Baba. Leo sijanywa chai.

MAZOON: Kwa nini?

LOAI: Jiko la gesi mimi siruhusiwi kuliwasha.

MAZOON: Vizuri, na hilo pia uwaambie... Ngoja. Baba kasali, akarudi kulala bila kukupa chai?

LOAI: Hajasali.

MAZOON: Nani hajasali?

LOAI: Baba.

MAZOON: Loai, Baba hajasali alfajiri?

LOAI: Alikwenda kutia udhu. Hajatoka akasali.

MAZOON: Huo mvumo, Loai. Huo unaovuma hapo ni nini?

LOAI: Bomba la chooni. Baba hajalifunga. Nilitaka kukwambia ukaniambia nikusikilize.

MAZOON: Baba kalala wapi?

LOAI: Chini.

MAZOON: Chini wapi, mdogo wangu? Niambie taratibu.

LOAI: Mlangoni pa choo. Miguu iko ndani, kichwa kiko ukumbini. Kofia yake ilitoka, nimeiokota nikaiweka mezani. Nimemfunika blanketi. Kiyoyozi nimekizima kwa sababu mkono wake ulikuwa wa baridi.

[Mlio wa gari kuwashwa.]

MAZOON: Mbona hukunipigia? Loai! Mbona hukunipigia?

LOAI: Baba alisema leo usisumbuliwe kazini.

MAZOON: Nimekuuliza mwanzo kabisa! Nimekuuliza Baba hajambo, ukanambia hajambo!

LOAI: Ndivyo inavyojibiwa. Unapiga kelele. Sipendi.

MAZOON: Sipigi tena. Nisamehe. Sipigi. Loai, nenda karibu yake. Tazama blanketi kifuani. Linapanda na kushuka?

LOAI: Ngoja. [Hatua. Maji.] Limetulia.

MAZOON: Sikiliza ile filimbi ya pumzi zake. Weka sikio karibu.

LOAI: Bomba lina kelele.

MAZOON: Basi funga bomba.

[Maji yanakoma.]

LOAI: Nimefunga.

MAZOON: Haya?

LOAI: Nyumba yote kimya.

MAZOON: La ilaha illallah. Sikiliza. Fungua mlango wa nje, umwite Awadh, jirani wa chini.

LOAI: Baba akiwa amelala mlango haufunguliwi.

MAZOON: Leo unafunguliwa. Mimi nasema.

LOAI: Wewe huishi hapa.

MAZOON: Loai, wallahi nakuomba. Maisha yangu yote sijakuomba kitu. Nakuomba mlango huo.

[Honi upande wa Mazoon. Mkwaruzo wa kiti. Komeo linafunguka.]

MAZOON: Haloo? Upo? Loai?

LOAI: [kwa mbali] Awadh! Awadh! Dada yangu anaomba uje! [karibu] Anapanda. Hajavaa shati.

MAZOON: Mpe simu. Mwambie aite ambulansi.

LOAI: Kanipita mbio. Kapiga magoti. Kaweka vidole shingoni mwa Baba.

MAZOON: Anasema nini?

LOAI: Hasemi. Kaweka tena, upande wa pili.

MAZOON: Mpe simu, Loai!

LOAI: Nampa. Haichukui. Anatikisa kichwa.

MAZOON: Mwambie mimi nataka—

LOAI: Anamvuta Baba kutoka mlangoni. Polepole. Sasa anamgeuza.

MAZOON: Anamgeuza vipi?

LOAI: Ubavu wa kulia. Uso kwenye kibla. Haloo? Dada Mazoon? Mtandao?

MAZOON: Nipo.

LOAI: Awadh anauliza ni nani kwenye simu. Nimesema ni wewe. Anauliza uko wapi.

MAZOON: Njiani. Nimeshatoka bandarini.

LOAI: Kasema keshatoka bandarini... Anauliza, unaendesha mwenyewe?

MAZOON: Mwenyewe.

LOAI: Basi anasema nisikwambie kitu mpaka ufike. Anasema tuikate simu, uendeshe taratibu.

MAZOON: Usikate, mdogo wangu. Usiniache peke yangu. Niambie chochote, nisomee hata tarehe ya ukutani, lakini usi—

LOAI: Ananyoosha mkono. Anaitaka simu sasa. Kwaheri, dada.

[Simu inakatika.]