Mimi ni Mwana wa Sifael

Sogeeni, wanangu, mkae mahali ninapoweza kuwaona bila kugeuza shingo, maana shingo hii leo imekataa kunitii. Fortunata, weka hicho kikombe chini. Wewe ni muuguzi, unajua kuliko sisi sote kwamba dawa imemaliza kazi yake, na ni wewe uliyewaomba wenzako kule hospitali ya Gonja waniachie nije kufia nyumbani. Elibariki, kaa hapa kuliani. Na wewe Anold, mwana wa marehemu mdogo wangu Aminieli, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kuazima jembe. Ingia. Wewe ndiye niliyekuita kwanza.

Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na nane, na nimejifunza kwamba mtoto akikosea hesabu humpigii kelele, unamrudisha kwenye mstari alipoanza kukosea. Leo nawarudisha ninyi. Jumamosi wazee wa ukoo watakaa, kwa wito wa Anold, waamue kama shamba langu lililo chini ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, pamoja na zamu yake ya maji, litabaki kwa watoto wangu au litarudi kwa hao wanaojiita wenye damu. Mimi Jumamosi sitafika. Kwa hiyo nasema leo, nikiwa na akili zangu zote: shamba lile silitoi, na mahali pangu katika ukoo huu sipaombi, kwa sababu mtu haombi kitu alicho nacho.

Elibariki, wewe ulikosea kwa furaha, na kosa la furaha ni gumu kulikemea. Huko Marekani wenzako kazini walinunua vichupa, kila mmoja akatema mate, akayatia posta, ili aambiwe ametoka wapi. Kwetu mzee humtemea mtoto mate kifuani akimbariki. Sikujua kwamba kuna nchi ambako mate yanasafiri kwa bahasha. Majibu yakarudi kwamba robo ya damu yako ni ya watu wa Uingereza ya zamani, na kwamba yuko bibi mmoja, Constance Thackeby, mwenye miaka themanini na minne, ambaye ni ndugu yetu wa karibu. Bibi yule ametumia miaka arobaini kufuata nasaba yao makaburini na katika madaftari ya makanisa. Akakuonyesha mti mzima, kuanzia kwake mpaka kwa mtu mmoja aliyeshuka melini mwaka 1638 pamoja na Wapuritani wenzake, watu wa dini kali waliomkimbia mfalme wao ili wamwabudu Mungu watakavyo, kisha wakawanyima wengine ruhusa hiyo hiyo.

Ukanipigia simu. "Baba! Tumetoka kwa watu wakubwa!" Nikakuuliza, "Na jana tulikuwa tumetoka kwa nani?" Ukacheka, ukadhani natania. Kisha bila kuniuliza ukautia mti ule kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, mbele ya watu arobaini na watatu, ukaandika, "Hongereni, ukoo wetu umefika mbali." Mahali pa baba yangu palikuwa na jina la Mzungu. Sifael hakuwepo kabisa.

Hapo ndipo Anold alipookota fimbo. Inua uso, baba, sikugombezi. Ulisimama kwenye kikao cha Pasaka, ukasema, "Shikamoo baba mkubwa, lakini ukweli usemwe. Wewe ni mgeni aliyekaa sana." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa sababu sentensi ilitungwa vizuri, na mimi ndiye niliyekufundisha kutunga.

Basi sikieni sentensi ambayo hamjaisikia.

Mwaka 1945, Sifael akiwa Burma katika vita vya Waingereza, alikuja huku mlimani mpima ardhi Mmarekani, ametumwa na kampuni moja ya mkonge ya tambarare kutafuta chemchemi. Watu walimwita Bwana Darubini. Alipiga hema juu ya ndiva, akakaa miezi mitano, na jumbe akapanga wanawake wa kumpikia. Mama yangu Dorkas alipangwa. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza mara moja tu. Alikuwa akichambua maharage, wala hakuinua uso. Akasema, "Sikuulizwa." Akaendelea kuchambua. Hiyo ndiyo historia yote niliyorithi kuhusu Bwana Thackeby, Elibariki, na haikuwemo kwenye mti wako.

Nikazaliwa, mwekundu kama udongo wa njia ya Same. Wazee wa kanisa wa siku zile wakamtenga mama yangu: asishiriki meza ya Bwana, akae benchi la nyuma kabisa, mpaka asimame mbele ya watu akiri dhambi yake. Yeye ambaye hakuulizwa, ndiye aliyetakiwa kujibu. Akakataa. Aliwaambia, "Nikiri nini? Nileteeni aliyekosa, nitamsikiliza akikiri." Sifael aliporudi, watu walimngoja barabarani, maana habari mbaya haikosi mchukuzi. Jumapili ya kwanza akavaa koti lake la jeshi, akaingia kanisani, akavipita viti vya wanaume, akaenda kuketi nyuma, upande wa wanawake, kando ya mke wake, akanipakata. Mzee mmoja akamfuata akinong'ona, "Sifael, hapa si mahali pako."

"Mke wangu amekaa wapi?"

"Hapa."

"Na mtoto wangu?"

"Hapa."

"Basi usinipoteze njia."

Wanangu, alikaa pale miaka sita. Waliochoka ni wao, si yeye. Kitanda hakizai haramu, wahenga walisema, lakini Sifael hakuisema methali hiyo hata siku moja, aliikalia. Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na mwana aliyelelewa ndiye huyu anayewasumbua kwa maneno.

Nipe maji, Fortunata. Kidogo. Inatosha.

Mwezi wa pili niliongea na Bi Constance kwa simu ya picha aliyotuunganishia Elibariki. Ni mwalimu mstaafu kama mimi, tukaelewana. Akaniambia kwamba babu zake Wapuritani waliwaita watoto wao Shukrani, Subira, hata Amekombolewa. Nikamwambia mimi ni Nathanaeli, mdogo wangu Aminieli, mwanangu Elibariki. Tukacheka mpaka kikohozi kikanishika. Akanisomea daftari la kanisa lao la miaka mia tatu iliyopita, kwamba mke mmoja wa ukoo wao, huyo Subira, alisimamishwa mbele ya watu akilia, kwa kuwa mtoto wake alizaliwa mapema mno baada ya harusi. Nikamwambia, "Dada, kitabu hicho nimekisoma. Nilikisomea benchi la nyuma." Akaniuliza, "Baba yangu mdogo, yule mpima ardhi, alimtendea mama yako wema?" Nikamjibu neno moja la mama yangu. Akavua miwani, akasema kwamba kwa miaka arobaini ameandika nani alimzaa nani, na hajawahi kuandika jambo hilo.

Nikamwambia aandike Sifael mahali pa baba yangu. Akasema kwa upole kwamba mti wao hufuata damu. Nikasema, "Basi, dada, ongeza tawi au niondoe, kwa maana mimi sining'inii mahali ambapo baba yangu hayupo." Baada ya wiki akaandika: Nathanaeli, mwana wa Dorkas na Sifael. Na kando ya jina la baba yake mdogo akaliandika lile neno la mama yangu. Msimdharau bibi yule. Siku akifika hapa mpeni kiti na makande, mmwite shangazi. Lakini Elibariki, jina lao usilichukue. Mtu anaweza kuwa na ndugu ng'ambo bila kuhama kwao.

Sasa nakuja kwako, Anold. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Aliyesema hivyo hakulima Same mwezi wa tisa. Ndiva ile imetulisha kwa sababu pembe ya msaragambo ikilia, watu wanashuka na majembe kuondoa tope, na anayeondoa tope ndiye anayepewa zamu. Nilikuwa na miaka saba Sifael aliponiingiza katika tope lile mpaka magotini, akawaambia wazee, "Huyu ni jembe langu la pili." Hakuna aliyebisha. Tangu siku ile sikukosa msaragambo mpaka miguu iliponikatalia, na baada yangu Fortunata ameshuka, siku zake za mapumziko, na gauni lake limepandishwa. Wewe una duka lako Same mjini, nalo ni jambo jema, lakini mara ya mwisho tope lile kukugusa ilikuwa lini? Mwaka jana pembe ililia mara tatu, nawe ulituma salamu.

Na liko neno la mwisho ambalo Sifael aliniachia, akanikataza nisiligeuze rungu. Nalisema kama mwalimu anayefungua kitabu, si kama mtu anayekupiga nacho. Sifael hakuzaliwa na ukoo huu. Katika njaa ile iliyofuata vita vya Wajerumani na Waingereza, Babu Senkondo, mkuu wa ukoo huu, alikwenda tambarare ya Kwakoa kutafuta nafaka, akamkuta mtoto mdogo amekaa kando ya mama yake aliyekufa. Nafaka hakupata. Akarudi na mtoto mgongoni. Hakuna aliyejua lugha ya mtoto yule wala kabila lake. Huyo ndiye babu yako, Anold. Tema mate katika kichupa ukitaka. Mashine yao haitakuta tone moja la Senkondo ndani yako. Ukinifukuza mimi kwa sababu ya damu, ukitoka nje kunifungia mlango utagundua kwamba na wewe uko nje.

Usilie. Hapana, lia, hakuna ubaya. Ila elewa kwa nini mtu yule alijua pa kuketi siku ile kanisani.

Elibariki, Fortunata, neno hili msilipeleke Jumamosi. Ni la Anold. Yeye ndiye aliyeita kikao, yeye ndiye atakayejua la kukiambia. Shamba, nusu ya juu ni ya Fortunata, na anayesema binti harithi aje aniambie sasa hivi, bado nasikia. Nusu ya chini ni ya Elibariki, asipolima Fortunata alime. Zamu yenu ikiisha, maji yanayosalia myafungulie shamba la Anold, mwaka huu na miaka yote, iwe amewakosea au hajawakosea.

Nitazikwa kabla ya kikao chenu. Nizikeni kati ya Dorkas na Sifael, nafasi ipo, niliipima kwa hatua. Na wasifu wangu kanisani... asiusome Elibariki. Asome Anold. Mbele ya wazee wote. Chukua kalamu, baba. Andika. "Marehemu Mwalimu Nathanaeli... alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Sifael na Mama Dorkas." Nukta. Usiongeze kitu. Mungu aliyemwona mama yangu pale nyuma... awaone ninyi popote mtakapoketi. Awape maji kwa zamu. Awape... awape watu wa kuketi nao.

Nisomee, Anold, nisikie. Hapana... simama. Simama wima. Polepole, mwanangu. Ukifika kwa Dorkas, toa sauti.