Tipoyi ya Jumamosi na Kilo za Papa Nzanzu

Mheshimiwa mwakilishi wa Teritwari, Padri wetu mpendwa, Papa Muganga Mkuu wa kituo chetu cha afya, akina mama na akina papa wa soko la Walikale, nanyi wapishi ambao harufu ya kazi yenu imefika hapa kabla ya maneno yangu: nawasalimu nyote kwa heshima.

Tunamuaga Mama Francine, muuguzi wetu, anayehamishiwa Bweremana. Mimi Twizeyimana, katibu wa chama cha watembezi, nimekuja na daftari langu, kwa sababu kumbukumbu hunenepa haraka kuliko watu.

Tarehe 12 Januari nimeandika: "Papa Nzanzu, kilo 131." Tulimpima kwa mizani ya magunia, dukani kwake mwenyewe. Siku hiyo alikuwa amepata habari kutoka kwa mama yake mzazi, Mama Mbambu, aliyekuwa akikaa kwa binti yake msituni, ng'ambo ya Itebero, ambako gari halifiki. Macho ya mama yalikuwa yanafifia. Alitaka kumwona mwanawe kabla ya giza, na alikataa kubebwa na mtu mwingine kwenda kutibiwa.

Papa Nzanzu akatafuta pikipiki, ile tunayoiita moto. Dereva alimzunguka mara mbili, akatazama magurudumu, akasema, "Papa, hii moto inabebaka bantu babili. Weye peke yako uko batatu." Papa Nzanzu akajaribu kwa mguu. Kwenye daraja la kwanza aliketi, na walioketi naye wanasema daraja ndilo lililopumua.

Je, mtu mzima afanye nini mama akimwita na mwili ukikataa kwenda?

Alinunua poda ya kupunguza unene kwa mchuuzi mpita njia. Aliambiwa: kijiko kimoja baada ya kila chakula. Papa Nzanzu ni mfanyabiashara, hapendi dawa ikae bure kwenye kopo. Alikuwa anakula mara mbili kwa siku. Akaanza kula mara tano, ili dawa ifanye kazi mara tano. Tarehe 10 Februari: kilo 138. Alilalamika kwamba poda ni ya bandia. Mama Francine alimjibu kwa upole kwamba hata ya kweli haiwezi kushindana na sahani tano, akamwandikia dawa nyingine: kupunguza sahani, na kutembea.

Hapo ndipo chama chetu kilipozaliwa. Wanene tisa, kila Jumamosi, kilima kwa kilima. Lakini ndugu zangu, nani kati yenu atawaacha watu tisa wapite mlangoni pake bila kuonja kitu? Kwa Mama Emérita tulikuta ndizi na maharage. Kwa Papa Sebarenzi, aliyetoka Masisi na jibini yake, tulikaa saa nzima. Kukataa ni kutukana nyumba, na sisi tulilelewa vizuri. Tarehe 15 Machi chama kizima kilikuwa kimeongezeka kilo ishirini na mbili.

Mama Francine aliposoma daftari hili, hakucheka. Aliniuliza ni watu gani wanaopita njiani bila kukaribishwa kula. Nikamwambia ni wale waliobeba mgonjwa tu. Hao watu huwapisha. Jumamosi iliyofuata alituletea tipoyi ya kituo, ile machela ya miti tunayobebea wagonjwa, akapanga mawe juu yake, akayafunika blanketi.

Tulibeba mawe hayo miezi mitano. Akina mama walitupisha na kutupa pole. Hakuna aliyetuletea hata ndizi. Padri, naomba radhi mbele ya watu wote: yule mgonjwa uliyemwombea misani Jumapili sita mfululizo alikuwa jiwe la mtoni. Lakini sala zako hazikupotea. Tarehe 30 Agosti, Papa Nzanzu alikuwa kilo 104.

Septemba tulimwaga mawe, tukaenda hadi ng'ambo ya Itebero na tipoyi tupu. Papa Nzanzu alibeba mbele njia yote. Alipiga magoti mbele ya mama yake, ambaye sasa aliona kivuli tu. Mama akampapasa mkono, akampapasa tumbo, akaurudisha mkono wake.

"Huyu hapana mutoto wangu," alisema. "Nzanzu iko munene. Mulimupeleka wapi?"

Papa Nzanzu alilia. Kisha akamwahidi kumpeleka kwa Nzanzu, tukambeba kwa tipoyi, yeye mbele, siku tatu, hadi hapa.

Mama Mbambu ndiye yule aliyeketi mbele na kitambaa cha bluu. Bado hajakubali. Anamwita mwanawe "yule papa mwembamba mwenye heshima", na kila asubuhi anamwomba amtafutie Nzanzu. Leo anaondoka pamoja na Mama Francine, ambaye atamfikisha kwa daktari wa macho. Papa Nzanzu ameniambia ana hofu moja tu: mama afunguliwe macho, amtazame, aseme tena kwamba si yeye. Mama Francine, tafadhali uwe karibu siku hiyo. Umwambie mama kwamba kilo zile zilizopotea zilipotea zikimfuata.

Mama Francine, tunakushukuru kwa miguu yetu. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza mkiwa mmeketi. Sasa wapishi wafunike vyungu, tusimame. Tipoyi iko mlangoni, gari linangoja ng'ambo ya mto, na leo atakayelala juu yake ni mtu.