Mkono Ndani ya Kiatu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na walio wazima, na asifiwe pia na sisi tunaosimama kwa fimbo.

Wengi hapa Muthetheni mnanijua. Mimi ni Mutiso wa mbuzi. Kwa miaka mingi mmeniona nikipita barabarani na mbuzi mbele yangu, leo naenda Katangi, wiki ijayo Kithyoko. Hapa kanisani nilikuwa nikija Krismasi tu, nikisimama karibu na mlango. Leo nimeomba nafasi niseme habari ya mguu huu wa kulia. Ulikuwa ukatwe. Bado ninao, na nataka mjue jinsi ulivyobaki, ingawa sitawadanganya kwamba moyo wangu umetulia.

Nianze na viatu. Mfanyabiashara wa mbuzi ni mtu wa kutembea. Huingia boma hadi boma akimtafuta mwenye shida ya karo, hubembeleza bei, kisha huswaga mbuzi wake mpaka sokoni. Niliipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote. Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa kiwandani Athi River nikashindwa kukaa. Zile kuta zilinichosha. Nilitaka vumbi. Nilitaka asubuhi za Kithyoko, wakati joto la upande wa Tana halijapanda na chai ya kwanza inachemka sokoni.

Na kila soko nililofika nilinunua viatu. Vile vya bei ya chini vinavyorundikwa juu ya turubai. Nilijiona mtu wa kubana matumizi, na nilijisifu kwamba hakuna anayejua kushusha bei kama mimi. Soli ikiachia, napaka gundi. Gundi ikishindwa, napiga msumari. Msumari ukishindwa, nanunua vingine. Vilivyokufa sikuvitupa. Niliviweka kwenye gunia chini ya kitanda, kwa sababu kila jozi ilinikumbusha safari yake: hivi ni vya mwaka ule wa kiangazi tulipofuata nyasi hadi Masinga, hivi ni vya siku niliyovuka mto na mwana-mbuzi begani. Mke wangu, Mama Ndinda, alipokuwa akifagia aligonga lile gunia kwa ufagio, akaendelea kufagia.

Baba yangu alikuwa na jozi moja tu ya akala, viatu vya mpira wa gurudumu la gari. Alilima nayo, akaenda nayo sokoni na mazishini. Nilipokuwa shule nilimwonea haya akija kwa mkutano wa wazazi. Siku hizi nikimkumbuka naona miguu yake kwanza, mizima, imejaa vumbi.

Ndugu zangu, kuna jioni nilifika nyumbani kutoka Katangi nikiwa na furaha, nikaketi, nikaomba chai. Mama Ndinda akatazama chini akaniuliza nimekanyaga nini. Soksi ilikuwa imeloa damu. Msumari nilioupiga mwenyewe ulikuwa umepenya ndani ya kiatu ukaingia kwenye nyama, na nilikuwa nimetembea nao kutwa. Sikuhisi chochote. Hilo ndilo lililotutisha kuliko damu. Mtu anatobolewa kama gunia la mahindi, na bado anaomba chai.

Nilimwambia ni kidonda kidogo. Nikapaka mafuta, na siku ya soko nikaondoka tena. Kidonda kikabadilika rangi, kisha kikaanza kunuka. Hospitalini walipima damu wakasema nina ugonjwa wa sukari, pengine tangu zamani, na kwamba ndio ulioua hisia miguuni polepole bila mimi kujua. Wakakata vidole viwili. Daktari akasema uozo ukipanda watakata chini ya goti.

Nililala pale nikitazama dari. Nimesikia wengi wakishuhudia kwamba katika shida walimlilia Mungu. Mimi sikumlilia. Nilimnyamazia, kama mtu aliyekosewa na rafiki. Nilifikiri juu ya barabara zote ambazo sitazipita tena, na mchana ule nikamwambia mke wangu kwamba wakiukata mguu, afadhali nisiamke. Hakulia. Alikuwa akikunja shuka, akaendelea kukunja.

“Baba Ndinda,” akasema, “nyumba yetu ina viatu vingi kuliko miguu. Sasa unataka nibaki na viatu peke yake?”

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alicheka mpaka akashika mshono wake. Mimi sikucheka. Lakini alipoondoka niliomba kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nilisema: Mungu, niachie mguu. Sikuwa na maneno mengine.

Hakunijibu upesi. Nilirudishwa nyumbani na kidonda kikiwa wazi. Muuguzi alikuwa amenifundisha kuuosha mguu na kuutazama kila siku, na kabla ya kuvaa kiatu chochote niingize mkono ndani nipapase kila mahali, kwa sababu mguu hauwezi tena kuniambia. Akasema nitafute jozi moja ya viatu vizuri vya ngozi laini, vipana, vyenye soli nene, niachane na vingine vyote. Lakini mbuzi wetu karibu wote walikuwa wameliwa na matibabu. Alibaki jike mmoja mwenye mimba, na huyo alikuwa ndiye mtaji wangu wote.

Msimu mzima wa mvua nilikaa ndani. Nilisikia mbuzi wakipita barabarani, na kwa mlio tu nikajua ni kundi la nani. Kuna siku sikutoka kitandani, wala si kwa sababu ya mguu. Wazee wa kanisa walikuja kuniombea, nikaitikia amina ili waende zao.

Kidonda kilipoanza kukauka, siku moja ya soko Mama Ndinda akiwa shambani nilichukua pesa kidogo nilizokuwa nimeficha, nikavaa kandambili, nikashika fimbo na kutoka. Nia yangu ilikuwa ninunue viatu, nipande lori la mbuzi, nilale Kithyoko. Nilimkuta kijana niliyezoea kununua kwake. Akafurahi sana, akaniuliza kama nilikuwa nimehama na mbuzi. Akanichagulia viatu vyeusi vinavyong'aa, bei ya kutupa.

Nikakumbuka yale ya muuguzi, nikaingiza mkono ndani.

“Mzee, kiatu huvaliwa mguuni,” akasema kwa sauti, wateja wasikie. “Ama huo mkono nao tuutafutie soksi?”

Watu wakacheka. Na vidole vyangu vikagusa ncha, ndogo kama mwiba, pale kwenye kisigino. Kiatu kipya kabisa. Nilisimama palepale, mkono ndani ya kiatu, machozi yakinitoka mbele ya watu wa soko. Yule kijana aliacha kucheka akaniuliza polepole kama nimeumia. Nikamwambia hapana, sijaumia. Nikamrudishia kiatu chake.

Ndugu zangu, hapakuwa na sauti kutoka mbinguni. Ulikuwa msumari tu. Lakini najua ni nani aliyetangulia kuniwekea mkono pale.

Nilirudi nyumbani, nikamweleza Mama Ndinda yote, nikamwambia amuuze yule jike, tupate pesa ya vile viatu alivyosema muuguzi. Fundi mmoja wa viatu mjini Machakos aliuchora mguu wangu juu ya kipande cha boksi, akaniambia ningoje. Ni vigumu kungoja, nyinyi hamjui. Vilipokuja vilikuwa vizito kama matofali, na wenzangu wa mbuzi waliniuliza nimeandikwa askari wa geti wapi. Sijanunua vingine tangu wakati huo, na lile gunia nilichoma mwenyewe, nikikohoa moshi wake. Hata beseni la plastiki likipasuka hatukimbilii lingine. Tuliogea kwenye debe mpaka tukapata karai la chuma. Nyumba imebaki nyeupe, mgeni akiingia atadhani tumeibiwa.

Kidonda kimefunga. Daktari hasemi nimepona, anasema tuangalie. Kila asubuhi Mama Ndinda huugeuza mguu huu kwenye mwanga wa mlangoni, na kabla hajasema neno mimi huwa nimekufa kidogo. Hisia haijarudi, wala hakuna aliyeniahidi kwamba itarudi. Lori la mbuzi likielekea Kithyoko bado naligeukia, na roho inaniuma. Sijui kama mwaka ujao nitasimama hapa kwa miguu miwili. Leo nimesimama kwa yote miwili, na kwa hiyo leo namshukuru Mungu, kwa sauti, mbele yenu.

Kama yuko hapa mtu anayeficha kidonda, cha mwili au cha roho, asingoje mpaka awe na imani kubwa. Yangu ilikuwa maneno matatu, tena ya mtu aliyekasirika. Mpe Mungu hayo uliyo nayo. Na kama huwezi kuomba peke yako, njoo nyumbani kwangu, nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Njoo saa yoyote. Zamani usingenikuta. Siku hizi nipo.