Unga Aliotuma Nehemia

[Du. Du. Du. Mchi unagonga kinu.]

RUTHI: Haloo? Nani mwenzangu?

NEHEMIA: Ni mimi, mama. Nehemia. Shikamoo.

RUTHI: Marahaba, baba. Mbona namba ngeni? Huko mpakani Horohoro kwema?

NEHEMIA: Kwema. Nani anatwanga hapo?

RUTHI: Mimi.

NEHEMIA: Umesimama?

RUTHI: Kama askari. Juzijuzi hapa kwenda uani nilishika ukuta. Ule unga wako wa mizizi, mwanangu —

NEHEMIA: Mama, huo unga —

RUTHI: Ngoja. Yule binti wa mazoezi hospitali alinifundisha kukaa kitini, nyoosha mguu, shusha. Yalisaidia, sisemi uongo, ila polepole mno. Dawa ya kupaka, saa mbili tatu, maumivu yamerudi. Sindano ya goti, miezi miwili. Unga wako siku mbili tu, nikakwea ngazi za kanisa.

NEHEMIA: Unga kama huo umekamatwa hapa mpakani jana. Polisi wanasema si mizizi. Ni vidonge vikali vya maumivu vimesagwa. Sikujua, mama.

[Mtandao unakwaruza.]

RUTHI: Sikusikii vizuri.

NEHEMIA: Usiunywe tena! Vidonge vya hospitali uliacha?

RUTHI: Niache kwa nini? Nakunywa vyote, visaidiane.

NEHEMIA: Kwa chakula?

RUTHI: Kwaresima hii, baba. Kwa chai ya rangi. Nakula jioni.

NEHEMIA: Nikuulize, usione haya. Choo chako kikoje?

RUTHI: Mambo gani hayo ya kumuuliza mzazi?

NEHEMIA: Cheusi?

RUTHI: Nilidhani ni mchicha.

NEHEMIA: Cheusi kama lami?

RUTHI: Tangu Jumapili.

NEHEMIA: Weka mchi. Kaa chini.

RUTHI: Nimeshakaa. Kizunguzungu kidogo, si —

NEHEMIA: Hiyo ni damu, mama, tumbo linavuja. Mwite Khozema wa dukani akupeleke hospitali sasa hivi, kwa gari lake. Beba na pakiti ya unga, mwonyeshe daktari.

RUTHI: Aliyekuuzia yuko wapi?

NEHEMIA: Rama? Wamemweka ndani.

RUTHI: Na wewe?

NEHEMIA: Mwite Khozema kwanza, mama.

RUTHI: Nehemia. Simu hii ya nani?

NEHEMIA: Ya watu. Muda wenyewe unakatika. Mama, sikiliza —

RUTHI: Wanakutafuta.

NEHEMIA: Achana na mimi! Daktari asipojua ulichokunywa atakutibuje? Sema unga, sema nimeutuma mimi, sema jina langu lote —

RUTHI: Nikuuze kwa sababu ya goti?

NEHEMIA: Si goti tena, mama! Niahidi utasema.

RUTHI: Hapa nina kiberiti cha jikoni. Pakiti naichoma kwanza, ndipo nimwite Khozema.

NEHEMIA: Mama, usi—

RUTHI: Hawatalisikia jina lako kinywani mwangu, wala habari ya unga. Nakuahidi, baba.

[Simu imekatika.]