Dua Chini ya Sahani

Mheshimiwa mgeni rasmi, Bwana Mkuu wa shule, walimu wetu, ndugu wageni waalikwa, wazazi wenzangu, na ninyi wahitimu niliowalisha tangu hamjaota ndevu: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Nimeombwa niseme neno kwa niaba ya wazazi. Nilimwuliza Bwana Mkuu kwa nini mimi, mpishi niliyeishia shule ya msingi. Akanijibu, "Mama, mzazi gani mwingine hapa amewahi kuandikiwa barua na baraza la mitihani la ng'ambo?" Mnacheka? Chekeni tu. Siku ile mimi sikucheka.

Wageni wetu, shule hii inafuata mtaala wa kigeni, na mitihani yake hutoka ng'ambo imefungwa kwa lakiri. Binti yangu, kitinda mimba wangu yule pale mstari wa mbele, alipangiwa hesabu na kemia saa ileile. Sheria ikasema afanye hesabu asubuhi, kisha akae maktaba na msimamizi mpaka afanye kemia mchana, asiseme na mtu, maana wenzake walikwisha kuyaona maswali ya kemia. Chakula apelekewe na mpishi. Na mpishi ni nani? Ni mama yake.

Ndugu zangu, mmewahi kumpita mtoto wenu kama msiyemjua? Niliweka sinia mezani. Yeye akatazama chini, mimi nikatazama dirisha. Lakini moyo wa mzazi una ukaidi wake. Asubuhi ile nilikuwa nimeandika dua kwenye kipande cha karatasi, nikakificha chini ya sahani.

Msimamizi alikuwa mwalimu wa fizikia, huyu mnayemwita Hakimu. Akainua sahani.

"Mama, nini hii?"

"Dua, mwalimu."

"Mama wee! Kwenye mtihani karatasi ni karatasi. Hata ingeandikwa na malaika, lazima niiripoti."

Ikatafsiriwa neno kwa neno, na karatasi yenyewe ikatumwa ng'ambo. Matokeo ya wenzake yalipotoka, ya binti yangu yakazuiwa wiki sita. Wiki sita nimewapikia wali mbichi, na hakuna aliyelalamika. Mola awalipe.

Kisha ikaja barua: karatasi ile haina jibu lolote la kemia, mtahiniwa apewe matokeo yake. Alikuwa amefaulu vizuri sana, na chuo kikuu cha huko kikamkubali.

Lakini leo nina la kuungama. Dua ile ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza: "Ee Mola, mfungulie mwanangu kila swali." Wa pili: "Na ukipenda, usimpeleke mbali nami." Ndiyo. Miaka yote nilisugua masufuria haya ili asome ya kumvusha bahari, kisha nikamwomba Mungu amzuie. Binti yangu alipoisoma kwenye nakala iliyokuja na barua, hakukasirika. Alisema tu, "Mama, hata Mungu unampa swali la kuchagua?"

Alhamisi anaondoka. Sanduku lake liko karibu na mlango. Nikifagia nalizunguka, silisogezi, nisije nikaonekana namsaidia kwenda.

Mwanangu, simama. Siku ile ulikuwa hatua mbili kutoka kwangu, nami nimekatazwa kukuambia hata neno. Leo Hakimu mwenyewe ameniruhusu. Basi nasema mbele ya Mungu na watu hawa: mstari wa pili nimeufuta. Nenda. Ule wa kwanza umekwisha kutangulia, uko huko kwenye majalada yao. Ukizidiwa na upweke, kumbuka kwamba mwandiko wa mama yako ulifika nchi ile kabla yako.

Walimu, nawashukuru. Nanyi nyote, asanteni kwa kumsikiliza mpishi. Sasa karibuni mezani, na msiogope kuinua sahani.