Sauti ya Joka Yaiaga Upwa FM

Mzee Valdemar Eduardo Nandonde, dereva na msimamizi wa jenereta wa Upwa FM, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025 baada ya kukitumikia kituo chetu kwa miaka ishirini na miwili. Alifika hapa Ufukoni, Mtwara, kabla mnara haujasimama. Yeye ndiye aliyeufuata bandarini kwa lori la kukodi, akarudi amekaa juu ya vyuma vyenyewe ili visidondoke njiani. Wakurugenzi wamekuja na kuondoka, watangazaji wamehamia Dar es Salaam na kusahau namba zetu, lakini jenereta limekuwa na baba mmoja tu.

Alizaliwa Kilambo, karibu na mto Ruvuma, katika familia iliyovuka kutoka ng'ambo, Msumbiji. Kabla ya kuja kwetu aliendesha malori ya korosho. Inasimuliwa kwamba siku ya usaili aliulizwa kwa nini anaitaka kazi hii. Akajibu, "Kuendesha gari." Wakasubiri aendelee. Hakuendelea. Wakamwajiri.

Ndivyo alivyo Mzee Valdemar. Mtu anaweza kusafiri naye kutoka Mtwara hadi Newala na asipate zaidi ya "Funga mlango vizuri." Safari moja mbuzi wa zawadi, aliyetolewa na wasikilizaji wa Nanyamba, alipanda kutoka nyuma akakaa kiti cha mbele. Mzee alimfunga mkanda, akaendelea na safari. Tulipomuuliza kwa nini hakumrudisha nyuma, alisema mbuzi hakuwa msumbufu kama watangazaji.

Basi, mtu huyu asiye na maneno ndiye aliyekuja kuwa mpenzi wa redioni wa wanawake wa pwani nzima. Mimi nakaa mapokezi, na simu zote zinapitia kwangu, kwa hiyo niruhusiwe kueleza ilivyokuwa.

Mtayarishaji wetu wa vipindi, Asia Zuberi, alitunga simulizi iitwayo Mpenzi Mwenye Magamba. Inamhusu Jabali, kijana mtanashati, wakala wa kutoa mizigo bandarini, ambaye akikasirika au akizidiwa na mapenzi anageuka joka la kijani lenye mabawa, mkia na moto mdomoni. Anampenda Somoe, binti wa Msimbati, ambaye hajui kwamba mchumba wake anaweza kuchemsha chai bila jiko. Asia alikuwa anachapisha kila sura kama kijitabu katika duka la kutoa nakala hapa mjini, kisha Alhamisi jioni tunaisoma redioni moja kwa moja. Asia mwenyewe alikuwa Somoe. Nafasi ya Jabali alipewa Lukasi, mtangazaji wetu wa michezo, kijana mzuri ambaye sauti yake ni kama ya filimbi ya refa.

Siku ya kwanza Somoe alifika kwenye pango, akauliza kwa kutetemeka, "Nani wewe uliyejificha gizani?" Lukasi alikuwa bado anatafuta ukurasa. Wakati huohuo Mzee Valdemar alifungua mlango wa studio, asijue kwamba maiki iko wazi, akasema kwa ile sauti yake inayotoka chini ya sakafu:

"Mafuta yamebaki kidogo. Msiponiangalia mapema, nitazima."

Alikuwa anazungumzia dizeli ya jenereta. Lakini simu zangu ziliwaka moto. Mama mmoja wa Mikindani alilia waziwazi. Alisema hajawahi kusikia mwanaume akikiri udhaifu wake namna ile. Wengine walitaka kujua mafuta ya joka yanapatikana wapi ili wachange. Kabla kipindi hakijaisha Asia alikuwa ameshamkalisha mzee mbele ya maiki, na Lukasi akarudi kwenye mpira akiwa na furaha kuliko sisi sote.

Mzee alikubali kwa sharti moja: jina lake lisitajwe, hasa mbele ya mkewe Olinda, au Mama Olinda kama tunavyomwita wote, fundi cherehani maarufu wa Rahaleo. "Atanicheka," alisema. Tukamtengenezea maficho. Aliongea akiwa ameinamia pipa tupu la dizeli, sauti ikatoka nzito na yenye mwangwi. Nyumbani anaongea Kimakonde, tena kwa nadra, kwa hiyo siri ilikuwa na ulinzi wa kutosha.

Wasikilizaji na wasomaji walimpokea Jabali kila mmoja kwa namna yake. Mwanzoni wengi walidhani joka maana yake chatu, wakauliza Somoe atamkumbatia vipi bila kuvunjika mbavu. Tulipoeleza habari za mabawa na miguu, wakulima wa korosho walituma ujumbe kwamba hawana neno na mapenzi, ila moto wake autemee baharini, si juu ya mikorosho. Mwalimu mmoja aliuliza kama watoto watazaliwa au watatotolewa. Asia hajajibu hadi leo. Na Mzee Rashidi wa Nanyamba alipiga simu akiwa amekasirika kweli.

"Huyu joka ataposaje?" aliniuliza. "Hana mjomba? Nani atamsemea?"

Nikamwambia, mzee wangu, ni simulizi tu. Akasema hata kwenye simulizi mtu hawezi kwenda ukweni peke yake kama mwizi. Akajitolea kuwa mjomba wa joka. Tangu siku hiyo anaanza simu zake kwa kusema, "Mimi mjomba."

Wasomaji wa vijitabu walikuwa na matatizo yao. Walijua yanayokuja, na hawakuweza kunyamaza. Sokoni watu walinuniana kwa sababu mmoja amesema mapema kwamba Somoe atapanda mgongoni. Lakini hakuna aliyetusumbua kama Mama Olinda mwenyewe. Yeye aliisikiliza redio katika chumba chake cha ushonaji pamoja na wateja wake, na hoja yake ilikuwa ya kitaalamu: Jabali akigeuka joka, suruali inakwenda wapi?

"Kama inachanika," alisema, "basi kila Alhamisi mnaharibu suti nzima. Na akirudi kuwa mtu, mbele ya Somoe, amevaa nini?"

Asia aliandika sura nzima ya kuificha suti kwenye jiwe kabla ya kugeuka. Mama Olinda akapiga tena kusema kitambaa kizuri hakikunjwi namna hiyo.

Tatizo lilianza Mama Olinda alipompenda Jabali kupita kiasi. Jioni baada ya kipindi Mzee Valdemar alifika nyumbani, mkewe akampakulia ugali na samaki, halafu akaanza: Jabali hali bila kushukuru. Jabali anauliza siku ilikuwaje. Jabali angeona kwamba pazia ni jipya. Mzee, ambaye maneno hayo yote alikuwa ameyasema saa moja iliyopita ndani ya pipa, alikula kimya.

Asubuhi moja alimfuata Asia. Mimi nilikuwa pale.

"Mpunguze huyu kijana," alisema. "Mpe kikohozi. Akorome. Anazidi."

"Mzee, unajionea wivu mwenyewe?"

"Mpunguze."

Kwa heshima ya utumishi wake, Asia aliongeza redioni kipande ambacho hakikuwa kwenye kijitabu: Jabali anakula samaki wote peke yake na kulala bila kusema asante. Mzee alikisoma kwa moyo mkunjufu sana, na mkoromo wake ulitikisa pipa. Kesho yake kabla ya saa nne wanawake wa Rahaleo walikuwa wamejaa mapokezi, wamefunga kanga viunoni, vijitabu mkononi. Mbele yao alikuwa Mama Olinda. Alinionyesha ukurasa kwa kidole chenye kastabini, ile kofia ya chuma ya kuzuia sindano.

"Hapa hakuna samaki! Nani amembadilisha Jabali wetu? Huyu wa jana simjui. Huyu wa jana ni kama mume wangu!"

Mzee Valdemar alikuwa nyuma yao anaosha gari. Aliendelea kuosha tairi moja mpaka walipoondoka.

Ili kuwatuliza, uongozi uliandaa Siku ya Wasomaji katika ukumbi mmoja hapa Ufukoni, na tukatangaza kwamba Jabali atakuwepo ana kwa ana. Mzee aligoma. Ikabidi Lukasi avalishwe joho la kijani na kufundishwa kuongea kwa tumbo. Ukumbi ulifurika. Mzee Rashidi alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, akakaa kiti cha mbele upande wa wakwe. Mama Olinda alikuja na zawadi: suti ya Jabali, aliyoishona mwenyewe, yenye nafasi mbili mgongoni za kutolea mabawa, zimefungwa kwa zipu kwa adabu kabisa.

Lukasi akasema, "Somoe wangu."

Watu waliguna. Mama Olinda akasimama. "Huyo siye!" Akainyanyua suti. "Hata mabega siyo yake. Jabali ana mabega."

Kelele zikapanda, na hapohapo umeme ukakatika. Maiki ikafa. Watoto wakaanza kulia, watu wakaelekea mlangoni kwa kusukumana. Mzee Valdemar alikuwa pale mlangoni na jenereta lake. Aliona wanaweza kukanyagana, akasema kwa sauti yake yote, bila maiki na bila pipa:

"Kaeni chini. Nipo. Hakuna atakayeumia nikiwepo."

Ni maneno ya Jabali, sura ya nne. Sidhani kama alikusudia. Nadhani hayo ndiyo yaliyokuwa karibu mdomoni. Watu wakakaa. Taa zikawaka. Mama Olinda alikuwa bado amesimama, suti mkononi, anamtazama mumewe kutoka kichwani hadi miguuni kama anayepima kitambaa.

Sisi tulitarajia acheke. Hakucheka.

"Baba Vania," alisema taratibu, "kumbe maneno unayo. Ulikuwa unayaacha kazini."

Akaikunja suti, akaondoka. Hakuna aliyempigia makofi joka siku ile.

Siku zilizofuata Mzee alikuja kazini na shati lisilopigwa pasi, akala chapati za kibandani, na kulipiga jenereta spana ambazo halikuhitaji. Nyumbani alikuwa anapakuliwa chakula bila neno, na safari hii ukimya haukuwa wake. Binti yao Vania alipiga simu akauliza tumewafanya nini wazazi wake. Hatimaye Mzee alimwomba Asia amwandikie maneno ya kumwambia mkewe. Asia, ambaye hajawahi kumkatalia jambo, alikataa.

"Ya Jabali naandika mimi. Haya ya kwako, Mzee, sema mwenyewe."

Alhamisi ikafika. Katikati ya sura Mzee Valdemar aliyaweka pembeni maandishi ya Asia, akalisogeza pipa kwa mguu, akaanza kuongea Kimakonde. Aliongea polepole, kwa kukwama, kama anayesukuma gari lisilotaka kuwaka. Asia hakumkatiza. Mimi Kimakonde changu ni cha kununulia mihogo tu, lakini nilielewa jina la Olinda, nikaelewa neno pazia. Fundi mitambo wetu, Manuel, ambaye anaielewa lugha yote, alivua vifaa vya masikioni akaenda kusimama nje.

Wasikilizaji wa Msimbati walipiga simu wakidai tafsiri. Mzee aliposikia, alisema hayo si ya redio, ingawa yalikuwa yametoka redioni. Kwa upande wa Mama Olinda hakuna simu iliyoingia. Tulikaa pale mapokezi wote, hata mkurugenzi, tukiitazama simu. Kisha tukasikia bodaboda getini. Mama Olinda aliingia na mkanda wa kupimia shingoni, kwa kuwa aliondoka katikati ya nguo ya mteja. Akatupita bila salamu, akamfikia mumewe, akamtengeneza kola.

"Twende nyumbani," alisema. "Ulichosema kuhusu pazia, nataka ukiseme tena ukiwa unaliona."

Wakaondoka kwa gari la ofisi, na hakuna aliyethubutu kuuliza habari ya kibali.

Kipindi hakikufa. Mzee ameendelea kuwa Jabali, sasa kwa jina lake, na watu wanamwamkia njiani, "Shikamoo, Joka." Somoe na Jabali wameoana wiki iliyopita katika sura ya mwisho. Mjomba Rashidi alisafiri kutoka Nanyamba kuja kuisemea posa studioni, akazungumza muda mrefu kuliko bwana harusi, na tukachelewa kusoma taarifa ya habari. Katika miaka yote hiyo jenereta halijawahi kutuangusha hewani kwa uzembe wa Mzee, na gari letu la kwanza bado linatembea, jambo ambalo mafundi wengine wanalihesabu kuwa ndilo la ajabu zaidi katika habari hii yote.

Mzee Valdemar na Mama Olinda wanahamia Kilambo kulima mihogo na kuwa karibu na ndugu. Kwa niaba ya wafanyakazi wa Upwa FM, tunamshukuru kwa mwanga aliotuwashia, kwa safari alizotufikisha salama, na kwa uvumilivu wake kwetu sisi wenye maneno mengi. Tunamshukuru pia Mama Olinda kwa kutuazima sauti ambayo ilikuwa haki yake.

Mama ametuomba jambo moja, nami nalifikisha kama lilivyo: msimpigie simu wakati wa chakula cha jioni. Saa hiyo anaongea.

Mzee wetu, kapumzike kwa afya na furaha, mihogo ikuitikie, na chakula chenu cha jioni kiwe kirefu.

Raheli Mchopa
Mapokezi, Upwa FM