Afande Alijibu "Si Mimi"

Saa mbili asubuhi, benchi la kahawa la Nassibu pale Kitomanga lilikuwa tayari na wakazi wake wa kila siku. Spika, yaani Amiri, mzee aliyejipa mwenyewe kazi ya kuamua nani aseme na nani anyamaze. Injinia, yaani Benjamini, fundi pikipiki ambaye hajapata kumrudishia mtu pikipiki ikiwa na skrubu zake zote. Na Afande Eusebio, aliyepigana Vita vya Kagera akiwa na miaka ishirini na mbili, na leo ana magoti mabovu na heka tatu za korosho. Kwa kawaida yeye ndiye huwacheka wenzake. Siku hiyo alikishika kikombe kwa mikono miwili na kuomba moyoni habari ya jana isitajwe. Ilitajwa kahawa ikiwa bado ya moto.

— Afande, eti jana shuleni ulikana? aliuliza Spika.

— Nilikana nini?

— Mwalimu Martina kakusimamisha mbele ya wanafunzi wote, kasema, "Mzee wetu, asante kwa kulitumikia taifa." Wewe ukajibu, "Si mimi!"

— Kama kakutwa na kuku wa watu, alisema Injinia.

Afande alitazama barabarani. Ndivyo ilivyokuwa. Neno lilimtoka lenyewe, wanafunzi wakacheka, na mwalimu akacheka kidogo, kwa heshima. Sasa alimtaka arudi Ijumaa, siku ya mahafali, akashukuriwe mbele ya wazazi. Jibu lilitakiwa leo kabla ya adhuhuri, na jibu alilokuwa nalo Afande ni kwamba anaumwa magoti.

— Usiende, alisema Injinia. Asante za siku hizi zina mkia. Leo wanakushukuru, kesho wanakuomba trekta.

— Mimi nina trekta?

— Ndiyo hapo watakapojua huna. Aibu!

— Tulia, Injinia, sijakuruhusu, alisema Spika. Jeshini mtu hashukuriwi, anapigiwa saluti. Mwalimu angepiga saluti, Afande angejibu saluti, kila mtu kwake. Kosa ni la mwalimu.

— Hapana, mzee baba, alisema Injinia. Hii kitu ni ya kitaalamu. Bomu likilia karibu na sikio, linafuta neno moja kichwani. Kwa Afande limefuta "asante". Nassibu, umewahi kumsikia akikushukuru kwa kahawa?

Nassibu akafikiri.

— Kwa kweli, sijawahi.

— Umeona!

— Kahawa yako ina majivu, alisema Afande, na benchi zima likacheka. Akadhani yameisha.

Hapo akatokea Marietha, beseni la mihogo kichwani. Huyu ni mdogo wake Josephat. Josephat na Afande waliondoka kijijini pamoja kwenda vitani, akarudi mmoja.

— Shikamoo, dada, alisema Injinia.

— Marahaba. Mbona kelele zenu zinafika mpaka kisimani?

— Tunamfundisha Afande kushukuriwa. Hajui.

Marietha alitua beseni. Hakucheka.

— Angejulia wapi? Spika, wewe siku ile ulikuwepo kwetu, ulikuwa mkubwa tu. Kaka Eusebio alifika na mabegi mawili, lake na la Josephat. Nani alimpokea mizigo?

Kitomanga mtu akirudi, hata akitoka sokoni tu, hupokewa mzigo kabla ya salamu. Spika alikumbuka begi kizingitini na akina mama wakilia. Mikono ya kulipokea hakuikumbuka. Injinia alikuwa hajazaliwa. Nassibu akainama kupuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri.

Afande alikuwa anajua. Alisimama mlangoni mpaka mabega yakamuuma, akaliweka begi la Josephat chini mwenyewe, kisha akakatiza mikoroshoni kwenda kwao, kama mtu aliyerudi kimakosa. Tangu siku ile, akisikia shukrani hutazama kando kuona nani anaambiwa.

Marietha bado alikuwa amesimama, anangoja.

— Marietha, alisema Afande hatimaye, Ijumaa una kazi gani?

— Nina korosho za kuanika.

— Anika mapema, twende wote shuleni.